Wimbi Kwenye Bati

Hasheem fundi bati alikuwa mtu wa makelele. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaomkumbuka pale Tukuyu wanamkumbuka kama mzee mkimya wa karakana, na mimi hunikera sana mtu akisimuliwa nusu. Kabla mkewe Rahma hajafariki, ukishuka barabara ya kwenda sokoni ulimsikia Hasheem kabla hujaiona karakana yake. Anagonga bati kwa nyundo ya mbao, anagombana na mteja, anamwita mkewe aje ashuhudie jinsi mteja huyo alivyo mjinga, na baada ya muda mteja huyo huyo amekaa kwenye benchi anakunywa chai ya tangawizi, Rahma kampa andazi la pili.

Watu walimwita Mswahili wa pwani. Babu yake ndiye aliyetoka Bagamoyo enzi za Wajerumani, fundi wa taa za bati, akaoa huku huku na kubaki. Hasheem mwenyewe bahari hakuwahi kuiona. Alizaliwa Tukuyu, alisoma Tukuyu mpaka pale shule ilipomshinda, na Kinyakyusa alikisema vizuri kuliko mimi Lugano niliyezaliwa Ikuti kwenye migomba na chai. Lakini mji ukishakupa jina umekupa, hata ukipinga.

Rahma aliugua homa, siku chache tu, akaenda. Majirani walikuja kumlilia kwa namna yetu sisi, na kilio chetu hakina siri. Akina mama walianza kupiga yowe kutoka barabarani, wengine wakajitupa chini kwenye matope, mpaka shehe akaomba kwa upole sauti zipungue kidogo ili dua isikike. Hasheem alikaa kwenye mkeka, akapokea mkono wa kila mtu. Hakulia. Wala hakuwa na ile sura ya mwanamume anayejikaza asilie, maana hiyo naifahamu, nimeiona kwenye misiba mingi. Alikaa tu. Bibi mmoja wa Kawetele alimshika mabega, akamwambia, "Lia mwanangu, ukibaki nacho kitakula wewe ndani," na yeye akajibu, "Ndaga, mama," akishukuru kama mtu aliyepewa kikombe cha maji.

Tangu siku hiyo sauti yake ikawa moja. Ukimwambia bomba lake limevuja, sawa. Ukimwambia kazi yake ni nzuri hakuna mfano, sawa. Mteja mmoja wa Kisiba alikuja kumtukana kwa ajili ya ndoo iliyotoka kitako, akatukana mpaka akachoka, Hasheem akaipokea ile ndoo na kusema sawa, na mteja akaondoka akiwa na aibu. Karakana ilifunguliwa asubuhi kama kawaida. Chakula alipika, kwa sababu nyumbani alibaki na binti mmoja, Nahla, na mtoto lazima ale. Msikitini alikwenda. Nguo zake zilikuwa safi. Mji ukaamua kwamba fundi ameshuka, maskini, ameshuka kabisa, na wateja wakaanza kuongea naye taratibu kama wanavyoongea na mgonjwa. Na mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule moja ya sekondari ya wazazi, juu kidogo ya mji. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na kila tarafa ilitaka sekondari yake. Wazazi walichoma matofali, wakapandisha kuta, kisha wakatazamana kuuliza ni nani atafundisha. Hesabu nilifundisha mimi, na nilikuwa na hasira za karibu. Wanafunzi wangu walijua kwamba mtu anaweza kukosea mbele yangu mara mia nisiseme kitu, lakini akikosea huku anajibu haraka haraka ili aonekane anajua, atajuta. Nahla alikuwa kidato cha nne. Hakuwa mwepesi sana wa hesabu, ila alikuwa na jambo moja ambalo kwa mwalimu ni bora kuliko wepesi: akiwa hajaelewa, alisema hajaelewa.

Sasa nieleze habari ya bomba, maana bila hiyo hutamwelewa Hasheem.

Kwetu mvua si kitu cha kusubiri. Inakuja, inakaa, inakwenda kidogo, inarudi. Nyumba ya bati bila gata na bomba la kushushia maji italiwa msingi. Kwa hiyo fundi bati wa Tukuyu anaishi kwa mabomba, na kitu kigumu kwenye bomba ni kiwiko, pale bomba linapokata kona. Kiwiko ni vipande viwili vilivyokatwa mshazari kisha vikakutanishwa midomo. Lakini bati halikatwi likiwa limeshakunjwa. Unalikata likiwa limelala bapa, halafu unalikunja. Na ukilichukua bomba lililokatwa mshazari ukalifunua, ule mdomo wake haunyooki. Unapanda taratibu, unafika juu, unashuka, unafika chini, unapanda tena. Ni wimbi. Hasheem alikuwa na kigezo cha bati nene, ukingo wake mmoja umekatwa hilo wimbi, alichoachiwa na baba yake. Anakilaza juu ya bati, Rahma anashika upande mmoja kisitembee, yeye anachora, anakata, anakunja, analehemu kwa risasi. Kiwiko tayari.

Baba yake hakumweleza wimbi lile lilitoka wapi, na yeye hakuwa na sababu ya kuuliza. Miaka yote ile bati lilikuwa la kibali. Ulikwenda duka la serikali ukaambiwa hakuna, ukarudi ukaambiwa njoo wiki ijayo, na ukilipata ulilikata kwa uchoyo. Bomba lilikuwa la upana mmoja tu, jembamba, wilaya nzima. Na miongoni mwa mafundi ule ulikuwa kama mwiko: kigezo cha marehemu hakiguswi. Unachora kwa hicho, au huchori.

Ruksa ilipokuja, bati likaja nalo. Wafanyabiashara walilishusha kwa malori kutoka Mbeya, mtu akijisikia ananunua. Ndipo shule yetu ikajenga tangi kubwa la saruji nyuma ya madarasa, na mkuu wa shule akataka bomba pana mara mbili ya yale tuliyoyazoea, kwa sababu paa la shule ni refu na mvua yetu haina adabu. Kazi nikaipeleka kwa Hasheem.

"Bomba pana mara mbili, fundi," nikamwambia. "Kona iwe ya mraba, iingie kwenye mdomo wa tangi."

"Sawa, Mwalimu."

Alileta kiwiko chake, tukakifunga. Kilikuwa kinene na kirefu, kimelehemiwa vizuri kabisa, na hakikukata kona. Kilijikunja kidogo tu, kama mtu anayeonyesha njia asiyoijua, na mdomo wake ukaelekea chini, mbele ya tangi. Manyunyu ya kwanza yaliponyesha, maji yote ya paa la shule yakamwagika kwenye kiwanja cha mpira wa pete. Nikapandisha sauti. Mwenye haki ya kukasirika alikuwa mkuu wa shule, lakini nilikasirika mimi. Hasheem akakifungua kiwiko, akasema sawa, akaenda nacho.

Akaleta kingine. Hiki kilikuwa kirefu zaidi, na kona ilikuwa ile ile mbovu. Akaleta cha tatu, kirefu kuliko vyote, tungeweza kukiwekea miguu na kukitumia kama benchi. Kona ile ile. Hasheem wa zamani angekitupa kwenye migomba, angewatukana wenye tangi na ukoo wao, na kufikia jioni angekuwa ameshajua kosa liko wapi. Huyu alinitazama tu na kungoja nimwambie lingine.

Wakati huo huo lilikuwepo jambo la Mwantum. Mwantum ni dada yake Hasheem, mkubwa wake, mfanyabiashara wa mitumba pale Mwanjelwa, Mbeya, mama mwenye mwili na mikono iliyojaa bangili. Ruksa ilimpenda. Alikuja siku ya arobaini ya Rahma, akaikagua nyumba, akamkagua mdogo wake, akasema pale pale mbele ya wageni kwamba Nahla atakwenda kuishi naye Mbeya amsaidie dukani. Hasheem akasema sawa. Alipokuja tena akasema itakuwa mwezi wa tisa, kabla ya mvua kubwa. Sawa. Safari ya tatu akataja Jumapili yenyewe. Sawa, dada. Sitaki mtu amwone Mwantum kama mbaya. Baadaye aliniambia mimi mwenyewe, "Mwalimu, ile nyumba haina sauti. Mtoto wa kike anakaa na mtu asiyesema, atakuja kuwa naye hivyo hivyo." Lakini mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mbele yetu, na duka la mitumba halina mtihani. Nahla akienda, shule yake imeishia hapo.

Nilipata habari hii kutoka kwa Nahla kwa njia ambayo bado inaniuma. Alinifuata nje ya ofisi ya walimu, akanisalimia shikamoo, akasimama.

"Mwalimu, ile mada ya grafu za sini tutaifikia lini?"

"Wiki mbili zijazo. Una haraka gani?"

"Naomba kama inawezekana tuisome kabla ya Jumapili. Kule ninakokwenda sitakuwa na kitabu."

Nikamuuliza anakwenda wapi, akanieleza yote, bila machozi. Nilitaka kuteremka mjini saa ile ile nikamtikise Hasheem. Badala yake niliingia darasani kesho yake nikafundisha grafu za sini, na waliolalamika kwamba tumeruka mada niliwaambia watoke nje wakalalamikie migomba.

Nilichora mhimili ubaoni, nikachora wimbi. Linaanzia kwenye mstari wa katikati, linapanda hadi moja, linashuka kupita mstari hadi hasi moja, linarudi. Umbali kutoka mstari wa katikati hadi kilele, nikawaambia, ndicho kimo cha wimbi. Kisha nikaandika mawimbi mawili mapya. La kwanza nimeweka mbili mbele ya sini. La pili sini imebaki kama ilivyo, mbili imejumlishwa nyuma. Nikauliza tofauti. Darasa zima likasema yote mawili yanapanda hadi juu.

Kosa hilo nililijua, na liliwapata kila mwaka, kwa sababu mtoto anatazama kilele tu. Mbili iliyo mbele inazidisha. Inalivuta wimbi pande zote, juu linakuwa refu zaidi na chini linazama zaidi, ila mstari wa katikati unabaki pale pale. Mbili iliyojumlishwa nyuma hailivuti popote. Inalibeba wimbi zima kama lilivyo, na mstari wake wa katikati, na kulikalisha juu zaidi. Umbo halikuguswa. Kwa hiyo usitazame kilele peke yake, nikawaambia, kitazame na kitako. Kama kilele kiko kwenye tano na kitako kiko kwenye moja, katikati yao ni tatu: wimbi limenyanyuliwa kwa tatu. Na kutoka tatu hadi tano ni mbili: hicho ndicho kimo chake.

Nikawapa mfano wa mvua ya Tukuyu, kwamba ukiichora mwezi kwa mwezi inapanda mwezi wa nne na kushuka mwezi wa tisa, lakini hata ikishuka haigusi sufuri, kwa sababu mstari wake wa katikati umenyanyuliwa. Wakacheka. Mmoja akasema kwa mvua yetu Mungu alisahau kufunga bomba. Lakini macho yao yalikuwa bado matupu, na mimi nayajua macho matupu.

Nikawatoa nje, nyuma ya jiko la shule, kwenye migomba iliyokwisha kuvunwa. Nikachukua mgomba mwembamba, nikauzungushia gazeti na kulifunga kwa kamba. Nikaukata kwa panga, mshazari, pigo moja, gazeti na mgomba pamoja. Utomvu ukaniharibia shati, na shati hilo lina doa mpaka leo. Nikalifunua gazeti: ukingo wake ulikuwa wimbi. Wakasogea. Nikachukua mgomba mnene, nikaufunga gazeti vile vile, nikaukata kwa mshazari ule ule. Nikafunua. Wimbi kubwa zaidi, kilele kirefu, kitako kirefu. Mgomba mnene, kimo kikubwa. Safari hii macho yao hayakuwa matupu.

"Na ule mwembamba," Nahla akauliza, "ukiukata juu zaidi, kwa mshazari huo huo?"

"Kata tuone."

Akakata mwenyewe, akafunua. Wimbi lilikuwa lile lile, kimo kile kile, ila limekaa juu zaidi kwenye gazeti. Alilishika gazeti hilo muda mrefu, utomvu unamtiririka vidoleni. Wenzake walishaanza kurudi darasani.

"Mwalimu," akasema, "baba analipandisha."

"Analipandisha nini?"

"Wimbi. Bomba limekuwa nene, yeye hakulikuza wimbi, amelipandisha tu juu ya bati. Kila mkisema kibovu, analipandisha tena. Ndiyo maana vinarefuka."

Nilikiona kiwiko cha tatu akilini, ule urefu wake wa kipuuzi, nikaona mtoto anasema kweli.

Jioni ile tuliteremka wote karakanani. Hasheem alikuwa anakata bati kwa ajili ya kiwiko cha nne, kigezo cha baba yake kimewekwa juu kabisa ya bati, karibu kinatoka nje. Kwa kuwa kigezo kilikuwa kifupi kwa bomba lile, alikuwa ametia alama za kilele na kitako mbali mbali zaidi, kisha akaziunganisha kwa mkono. Wimbi lilikuwa limelala, limechoka. Nahla hakupiga makelele ya mgunduzi. Alichukua chaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Baba, hili bomba upana wake ni huu," akasema, akachora mstari. "Kona ya mraba tunaikata nusu, kila kipande kinachukua nusu yake. Mshazari wa namna hiyo ukivuka bomba mpaka upande wa pili, unapanda sawasawa na upana wa bomba. Kwa hiyo kutoka kitako cha wimbi hadi kilele chake, urefu ni huu huu wa upana. Kile kigezo cha babu ni cha bomba jembamba. Bomba likinenepa mara mbili, na kimo cha wimbi kikue mara mbili."

"Na urefu wa bomba?" Hasheem akauliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza nililolisikia tangu msiba.

"Urefu ni pale unapouweka mstari wa katikati. Huo uweke popote unapotaka. Hauhusiani na kona."

Alitazama sakafu. Akachukua ile chaki mkononi mwa binti yake, akachora wimbi jipya kwenye bati, kubwa, bila kigezo. Kile cha baba yake alikiinua, akakitundika ukutani kwenye msumari. Alikata, akakunja, akalehemu, na sisi tukakaa kwenye benchi. Moshi wa risasi ulituumiza macho. Alipomaliza alikibana kiwiko kwenye pembe ya mlango, na kiliingia pale kama mlango ulijengwa kwa ajili yake.

"Imekaa," akasema. Akachukua ufagio, akaanza kufagia vipande vya bati.

Nilikuwa nimesimama. Nilitaka acheke, nakiri hivyo bila kujificha. Nilitaka apige kelele amwite mtu, amshike binti yake kichwa, aseme mnamwona huyu? Alifagia mpaka kwenye kizingiti, akakusanya uchafu, akauliza kama tutakunywa chai. Nikasema hapana, nikatoka nikiwa nimekasirika kuliko siku ya kiwiko cha kwanza.

Nahla alinisindikiza hadi barabarani. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Baba yako ameshuka sana, Nahla," nikamwambia. "Pole."

"Hajashuka, Mwalimu."

"Humwoni?"

"Namwona mimi kila siku. Angeshuka asingeamka. Asingepika. Kile alichokuwa nacho cha kupanda na kushuka, ndicho kimekwisha. Lakini yeye yupo pale pale alipokuwa." Akanionyesha kwa kiganja, usawa wa kifua. "Angekuwa ameshuka ningekwenda Mbeya bila kusema kitu. Nisingeweza kumtazama."

Mimi ni mwalimu wake. Nimemfundisha mwenyewe hayo maneno, mstari wa katikati na kimo cha wimbi, na haikunijia hata siku moja kuyapeleka kwa fundi bati. Nilimwambia arudi ndani asilowane.

Jumapili nilitoka kanisani nikapita kwao, nimebeba mitihani ya miaka iliyopita niliyomkusanyia, ili hata kule dukani awe na cha kusoma wateja wakipungua. Pikapu ya Mwantum ilikuwa imeegeshwa mbele ya karakana, na begi la Nahla lilikuwa tayari nyuma yake, limefunikwa turubai. Hasheem alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunja mdomo wa gata. Mwantum alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Hasheem, basi sisi tunaondoka," akasema. "Mtoto nakwenda naye. Mambo yake yote nitayaangalia mimi, usiwe na wasiwasi."

"Sawa, dada."

Nilimpa Nahla karatasi zangu, akazipokea kwa mikono miwili. Hakwenda kwenye gari. Alikwenda mbele ya kigoda cha baba yake, akachuchumaa ili macho yao yawe usawa mmoja.

"Baba, wewe unataka niende?"

Hasheem aliacha kukunja. Aliweka koleo chini, akamtazama, na dereva wa pikapu akachungulia kuona tumechelewa nini.

"Hapana," akasema.

Sauti ilikuwa ile ile. Haikupanda, haikutetemeka. Ilikuwa sauti ile ya "imekaa", ya "mtakunywa chai". Mwantum aliingia ndani bangili zikilia.

"Hapana nini? Si umesema sawa sasa hivi? Mwalimu shahidi!"

"Nimesema, dada."

"Tangu arobaini nakuuliza habari ya huyu mtoto, kila siku sawa, sawa. Nimemwandalia chumba! Mbona siku zote hizo hukusema?"

"Hukuniuliza, dada. Uliniambia."

Kisha yule mama mkubwa, aliyepiga kelele na wauza mitumba wa nchi tatu bila kushindwa, akakaa kwenye benchi la wateja na kuanza kulia. Alilia kwa sauti, kama majirani zetu walivyomlilia Rahma, na nadhani alikuwa anamlilia Rahma, maana alimtaja jina. Nahla aliinuka, akakaa kando yake. Mimi nilisimama pale kama mwizi, sijui niondoke au nibaki.

"Haya, nakuuliza," Mwantum akasema alipopata pumzi. "Nakuuliza sasa, mdogo wangu. Wewe unataka nini? Tukufanyie nini?"

Hasheem alifikiri. Mtu mwingine angesema chochote ili mwenzake anyamaze. Yeye alifikiri kweli, namwona mpaka leo, kichwa kimeinama kidogo upande kama anasikiliza bomba linalovuja mahali asipopaona.

"Sijui, dada," akasema. "Sisikii kitu. Uchungu sisikii, njaa yenyewe siisikii, nakula kwa saa. Sijui kama itarudi. Mtoto abaki tu."

Mwantum alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akainuka, akaenda mwenyewe kwenye pikapu kulishusha begi.